Mwanamke wa Miezi Mitatu

Kwenye mwambao wa Nyasa, ukitoka Lituhi ukashika njia ya kusini, mwanamke asiye na shamba la muhogo anasemwa. Atasemwa anapochota maji, atasemwa anapoanika usipa, dagaa wa ziwa letu, na Jumapili wakitoka kanisani atasemwa na wale wale waliompa mkono wa amani. Eunice, mke wa Cuthbert fundi mitumbwi, alisemwa hivyo miaka miwili mizima, na wala hakuwa mvivu. Kabla ya ugonjwa, unga wa muhogo wake ulikuwa mweupe kiasi kwamba watu wa Litumbandyosi walikuwa wakiuagizia. Lakini tangu arudi kutoka Dar es Salaam mwaka tisini na sita, amekatwa titi la kushoto, alipanda maharage, mchicha na mahindi ya muda mfupi, basi. Kitu kisichoiva ndani ya miezi mitatu hakukigusa.

Sababu hakuificha. Madaktari wa Dar walimkata, wakamchoma dawa mpaka nywele zikamwisha, wakamwambia kansa imetoka. Ila wakaandika kwenye cheti kwamba kila baada ya miezi mitatu apigwe picha ya kifua na apimwe tumbo kwa ultrasaundi, kuangalia kama ugonjwa haujahamia kwenye mapafu au ini. Bahati nzuri hospitali moja ya misheni kule milimani Mbinga ilikuwa imeletewa mashine hiyo na marafiki zao wa Ulaya, kwa hiyo hakulazimika kurudi Dar. Eunice alikisoma kile cheti kwa namna yake. Aliona amepewa miezi mitatu ya kuishi, akimaliza anakwenda kuomba mingine. Muhogo wetu ule mchungu unataka mwaka, na ukitaka ushibe vizuri unataka mwaka na nusu. Sasa mtu wa miezi mitatu apande muhogo amwachie nani?

Msidhani alikuwa mtu wa kununa. Eunice alikuwa mcheshi tangu usichana, na kisu hakikumkata ucheshi. Alijishonea titi la sufi akalitia kwenye sidiria ya mtumba, na likipanda juu alilivuta chini mbele za watu, akisema hili angalau halimnyonyeshi mtu akakua akamsahau mama yake. Alikuwa akimsema binti yake Glorious, aliyeolewa Songea na kuandika barua mara moja kwa mwaka. Watu walicheka, naye alicheka. Lakini kicheko cha Eunice kilikuwa na majira yake, na aliyeyajua majira hayo ni mumewe.

Cuthbert aliyajua kwa chumvi. Wiki za kwanza baada ya kipimo, mboga ilikuwa na chumvi ya kutosha. Zikibaki wiki nne, chumvi ilianza kuyumba; leo imezidi, kesho haipo kabisa. Zikibaki mbili, alikula kimya kimya chochote alichotengewa. Siku hizo Eunice alikuwa akijifungia kwenye bafu la makuti na kujibonyeza mwili mzima kama mtu anayechagua embe sokoni, na kila alipobonyeza alipata kitu. Akikohoa kwa vumbi, ni mapafu. Akila maharage yasiyoiva tumbo likanguruma, ni ini. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu mama alikuwa akizungukwa na ung'ongo mara nne kwa mwaka.

Siku ya safari nayo ilikuwa shughuli. Biashara ilikuwa imefunguliwa, wanunuzi binafsi wamemwagika milimani kugombea kahawa na chama cha ushirika, na malori ambayo zamani hatukuyaona yakawa yanashuka mpaka ziwani kutafuta samaki. Moja lilikuwa la Damiano, Mmatengo mwenye sauti kubwa na breki ndogo. Kila aliyesikia kwamba Eunice anapanda kwa Damiano alimletea agizo: betri za redio, kitenge cha mtumba, dawa ya kuku, miwani ya babu. Alikwenda kupimwa kansa na kikapu cha usipa mkononi na orodha ya kijiji kizima kifuani, kwenye upande wa sufi. Walipita Litumbandyosi, wakala Kitai, wakapanda Mbinga.

Kule hospitali mpimaji alikuwa Sista Albina, mtawa mfupi mwenye nyusi nene. Sista alimpaka Eunice ile dawa ya baridi tumboni, akaanza kuzungusha kidude chake, macho kwenye kioo. Eunice hakuangalia kioo, maana asingejua aone nini. Aliangalia nyusi. Nyusi za Sista zikikutana, roho ya Eunice iliruka. Zikiachana, ilirudi. Kumbe mara nyingi Sista alikuwa anakunja uso kwa sababu umeme wa jenereta unacheza, lakini hilo nani angemwambia? Mwisho Sista alipangusa tumbo kwa kitambaa akasema hamna kitu, Mama Glorious, vaa. Hapo Eunice alikuwa akitamani kumbeba yule mtawa mgongoni azunguke naye wodi zote.

Furaha ya kipimo cha kwanza ilidumu miezi miwili. Aliimba mpaka majirani wakachoka. Ya kipimo cha pili ilidumu mwezi. Ya tatu, wiki mbili. Jambo hili lilimshangaza mwenyewe: alidhani jinsi anavyozidi kupimwa na kukutwa mzima ndivyo atakavyozidi kutulia, kumbe ilikuwa kinyume. Kila alipoambiwa hamna kitu, moyo ulijibu kwamba safari hii umeponea, na mara ijayo je? Kufikia kipimo cha nane furaha haikufika hata nyumbani. Aliimba kutoka Mbinga mpaka Kitai, akaendelea kuimba mpaka Litumbandyosi, na hapo, lori halijaliona hata ziwa, akaanza kuhesabu siku zilizobaki kufika kipimo cha tisa.

Ila cha tisa hakikuja kama alivyohesabu. Agosti ya mwaka tisini na nane alikuta daktari mpya, kijana, na foleni iliyotoka nje mpaka kwenye maua ya masista. Daktari alifungua jalada, akaziangalia picha, akamwuliza maswali mawili matatu. Kisha akafunga jalada akamwambia:

"Nenda nyumbani, mama. Hatuna haja ya kukuangalia kila mara. Tutaonana mwakani."

Jamani, huyo kijana hakujua anaongea na mtu wa wapi. Kwetu mwambao, hospitali ikimwambia mgonjwa nenda nyumbani, hatuulizi zaidi. Tunajua. Babu yake Cuthbert aliambiwa nenda nyumbani, akakaa siku tisa. Mama mzaa chema wa Eunice aliambiwa nenda nyumbani, hata mwezi hakumaliza. Madaktari wana adabu, hawakwambii unakufa; wanakurudisha ukafie kwenu, usiwape ndugu zako gharama ya kukusafirisha. Na hilo la tutaonana mwakani Eunice alilielewa kama lilivyo: ni neno la kumtia moyo mtu ambaye mwakani humwoni. Aliondoka bila kuuliza hata swali moja, na kwenye lori hakuimba hata kufika Kitai.

Alipomweleza mumewe, Cuthbert alikaa chini. Hakulia, lakini kuanzia siku ile alikuwa mpole kupita kiasi, na upole huo ndio uliommaliza Eunice. Mwanamume ambaye kwa miaka thelathini alikuwa akidai maji ya kuoga yasiyo moto wala baridi, sasa akawa anachota mwenyewe na kuuliza mwenzangu umelalaje. Alipika uji. Alisifia mboga isiyo na chumvi. Siku moja Eunice alimkuta nyuma ya nyumba anapiga randa mbao nne nzuri za mninga, akamwuliza za nini. Cuthbert akasema ni za kazi fulani tu. Mitumbwi ya Cuthbert ilikuwa ya kuchonga gogo zima, na mbao za namna ile mumewe alikuwa hazigusi mpaka kuwe na msiba. Eunice aliingia ndani akalala, akajifunika kitenge mpaka kichwani.

Halafu wakaja kuku. Nyumba ya mgonjwa aliyerudishwa haiendewi mikono mitupu, na wa kwanza kufika alikuwa Luisa, dada yake Cuthbert, yule ambaye Eunice alikuwa akinunua kwake unga wa muhogo. Alileta tetea mweusi, akakaa, akaongea habari za zamani kwa sauti ya chini kama yuko kanisani. Kesho yake wakaja wawili. Kasisi naye akaja na sakramenti bila kuitwa, akakuta mgonjwa anatwanga, akasali hivyo hivyo. Mwezi ulipoisha Eunice alikuwa na kuku kumi na mmoja wanaotaga kila mahali, mpaka kitandani, na kila yai aliloliokota lilimkumbusha kwamba watu wamekwisha kumuaga. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea, na huyu anayenila mimi mpaka majirani wanamwona, ila mimi mwenyewe sijisikii chochote.

Hapo ndipo alipoanza kushtuka. Kweli hakusikia chochote. Alikuwa anakula, anatwanga, anabeba ndoo. Alikuwa mnene kuliko mwaka juzi. Alikaa na jambo hilo siku tatu, na siku ya nne hasira zikampanda, hasira za kweli, za mtu anayekufa bila kuugua. Alimwambia Cuthbert kwamba lori la Damiano linaondoka kesho na yeye anakwenda Mbinga kuuliza anakufa lini hasa, maana kuku wamezidi. Cuthbert alitaka kumsindikiza. Akamkatalia, akamwambia abaki alinde mbao zake.

Ilikuwa Oktoba. Alifika hospitali bila siku ya miadi, bila orodha ya kijiji, maana safari hii hakuna aliyethubutu kumwagiza betri. Sista Albina alikuwa peke yake kwenye chumba cha mashine. Akamwamkia mama shikamoo, akamwuliza kuna tatizo gani mbona amekuja kabla ya siku. Eunice hakuketi. Alisema anaomba aambiwe ukweli kama mtu mzima, na kama ni kufa afe akijua, kwani mumewe amekwisha kupiga randa.

Sista alimwomba arudie. Akarudia yote, ya kijana daktari, ya babu wa siku tisa, ya kuku. Sista alisikiliza nyusi zimekutana, na Eunice alipofika kwenye kasisi aliyemkuta anatwanga, yule mtawa aligeuka ukutani mabega yanatikisika. Eunice alidhani analia. Kumbe anacheka, tena anajizuia kwa nguvu zote za utawa wake. Alipopata pumzi alimshika mkono akampeleka kwenye kabati la majalada.

Kabati lilikuwa na rafu tatu. Sista akamwonyesha ya chini, akasema hawa ninawaona kila mwezi. Ya kati, hawa kila miezi mitatu, na wewe ulikuwa hapa. Kisha akainua mkono mpaka rafu ya juu kabisa, yenye majalada machache ya watu wa mara moja kwa mwaka, akalitoa jalada la Eunice humo.

"Wanaoninyima usingizi ni wale wa chini, mama. Wewe umepanda juu."

Eunice alilitazama lile jalada, akaitazama ile rafu. Aliketi. Alikuwa na furaha na alikuwa na hasira, hakujua aanze na ipi. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa: hata dakika tano hazikupita akaomba kitu kingine. Maadamu amefika, na kitanda kiko wazi, na jenereta linanguruma, Sista si ampime tu kidogo, mara moja, roho itulie? Mwaka mzima ni mrefu mno kukaa bila mtu kukuangalia ndani.

Sista hakumkatalia. Alitandika shuka safi, akachukua chupa ya ile dawa ya baridi, Eunice akapanda akafunua tumbo. Ndipo Sista akauliza, kichupa bado kiko mkononi:

"Nikikupima sasa nikakwambia hamna kitu, utaniamini mpaka lini?"

Eunice hakuwa mwongo. Alifikiri. Aliifuata barabara kichwani, akashuka milima yote, akapita Kitai.

"Mpaka Litumbandyosi," akasema.

Hapo wote wawili walicheka mpaka mgonjwa wa chumba cha pili akachungulia. Walipotulia Sista alizungumza naye kama dada. Alisema hiyo mashine inaangalia tu, haitibu, na kwa mtu aliyefika mahali alipofika Eunice kuangaliwa kila mara hakumwongezei uhai, kunamwongezea hofu. Akamfundisha kujipima mwenyewe kwa kiganja, mara moja kwa mwezi, tarehe moja, si kila siku bafuni. Akamtajia mambo ya kumleta mbio bila kungoja mwaka: uvimbe mpya, kikohozi cha wiki tatu, maumivu ya mfupa yasiyoisha, kukonda. Nje ya hayo, alisema, siku zako ni zako. Eunice aliuliza kama Sista anaweza kumwahidi kwamba haitarudi. Sista akasema hawezi, hakuna anayeweza, na yeye mwenyewe hakuahidiwa kufika Krismasi.

Eunice alilala pale kitandani kitambo kidogo, tumbo wazi, anaogopa. Tusiseme hofu ilimwisha, maana haikumwisha. Kisha akavuta gauni chini, akateremka, akatoa usipa kidogo alioubeba kwa ajili ya kuwashukuru masista, akaomba aandikiwe siku ya mwakani kwenye cheti. Sista akaandika tarehe kumi na mbili Oktoba, mwaka tisini na tisa.

Kwenye lori aliimba mpaka Litumbandyosi. Walipofika hapo alinyamaza, kwa mazoea, akangoja ile hesabu ianze. Ikaanza kweli. Lakini siku zilizobaki zilikuwa mia tatu na sitini na kitu, na alipojaribu kuzibeba zote kichwani zikamshinda, zikamwagika. Akabaki anaangalia mashamba ya watu pembeni mwa barabara, matuta yanayosubiri mvua, na akaanza kufikiri mambo ya kulima.

Hakwenda kwake. Alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake Luisa, akamkuta anaanika makopa ya muhogo, akamwambia anataka mbegu ya muhogo. Luisa aliuliza ipi, akitaja ule mtamu wa miezi saba ambao watoto wanatafuna mbichi. Eunice akasema hapana, wifi, ule mchungu. Luisa akachukua panga akaingia shambani, akarudi na mzigo wa fimbo uliokuwa hauingii mlangoni. Ndipo alipouliza, kwa adabu kabisa, kama basi tetea wake mweusi anaweza kurudi, maana alimtoa akidhani ni wa matanga. Eunice alimrudishia tetea na vifaranga sita. Wengine nao wakaja kudai, kila mmoja na aibu yake, na kijiji kilicheka jambo hilo mpaka mvua za kwanza.

Cuthbert alikuwa mgumu zaidi kuelewa. Alipoelezwa habari ya rafu tatu alitoka nje, akakaa juu ya zile mbao akalia kama mtoto, yeye ambaye Agosti hakutoa chozi. Baadaye Eunice alimwuliza za nini sasa. Akasema hajui. Eunice akamwambia anajua yeye: azipigilie miguu, ziwe chanja ya kuanikia makopa, maana mwakani atakuwa na makopa mengi. Cuthbert akasema mninga ni mbao ya thamani sana kwa muhogo. Eunice akamjibu kwamba kwa kazi ile nyingine hakuiona thamani yake.

Mwaka ule ulikuwa na siku zake. Kila tarehe moja Eunice alijipima kwa kiganja, kisha akatoka kwenda shambani. Februari alipata kikohozi. Akahesabu wiki, ya kwanza, ya pili, na ya pili haijaisha kikatoka chenyewe. Chumvi ikatulia. Cuthbert akarudia kudai maji yasiyo moto wala baridi, na mkewe akafurahi kugombana naye. Muhogo ulipanda ukampita kimo, na kufikia Septemba ardhi ilikuwa imepasuka kwenye mashina, dalili kwamba chini kumejaa. Mwenye shamba anaziona nyufa hizo anaondoka zake, hafukui.

Oktoba ni mwezi wa kuvundika na kuanika, jua kali, mvua bado. Eunice aliajiri wanawake wawili, akaingia shambani na Luisa, wakang'oa, wakamenya, wakaloweka. Ile chanja ya mninga ilijaa mpaka ukingoni. Siku moja jioni Cuthbert alikuja ameshika cheti, amekitoa nyuma ya picha ya harusi yao, uso umembadilika. Akamwuliza mkewe leo tarehe ngapi.

Ilikuwa tarehe kumi na sita. Eunice alisimama na kisu cha kumenyea, utomvu umemganda mpaka kwenye viwiko. Siku nne zilikuwa zimepita, na hakukumbuka. Yeye, aliyekuwa akihesabu kuanzia Litumbandyosi! Alishika mdomo, akacheka, kisha macho yakamjaa machozi, akawa anafanya yote mawili, na Luisa akamwambia aangalie kisu.

Asubuhi Damiano alipiga honi. Orodha ya kijiji ilikuwa ndefu kuliko wakati wowote, na zaidi ya hayo kulikuwa na gunia la makopa meupe la masista. Eunice alikuwa na hofu ile ya zamani, aliijua, akaipandisha kwenye lori akaketi nayo. Lori likiwa limekwisha kuanza kusogea, alikumbuka jambo, akagonga bati la keria mpaka Damiano akafunga breki zake zote alizo nazo. Akachungulia juu ya bodi akampigia kelele wifi yake kwamba wang'oe upande wa mtoni peke yake.

"Upande wa mlimani msiuguse," alisema. "Ule ni wa mwakani."